Mahamri ya Malindi

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hii nilikuwa nimewafafanulia wanafunzi wangu mara nyingi, nikiwaeleza tezi ni ipi, omo ni ipi na ngama ni nini. Hata hivyo, nakiri kwamba ilinipenya moyoni siku moja ya Novemba, nilipopanda ndege ndogo pamoja na ndugu yangu mdogo kwenda Malindi kula mahamri.

Bila shaka msomaji atauliza: ndege nzima kwa ajili ya mahamri? Hata mimi niliuliza. Ndugu yangu alikuwa na leseni ya rubani wa kibinafsi, ile isiyomruhusu kulipwa kwa kuendesha ndege. Ili aweze kuajiriwa, alihitaji kujaza saa 200 za kuruka katika daftari lake. Saa hizo hazipatikani ila kwa kuruka; kwa hivyo marubani wachanga hujitafutia mahali pa kwenda. Huruka hadi uwanja fulani, wakala chochote, wakarejea. Chakula ni kisingizio tu.

Saa hizo zilikuwa zikinichoma moyo. Baba aliuza kipande cha shamba kumlipia mafunzo, nami nikaahirisha masomo ya uzamili kwa miaka miwili, nikifundisha ili nijilipie karo. Sikuwahi kulisema jambo hili waziwazi, lakini kila alipotaja saa zake, mimi nilihesabu ekari zetu. Aliponialika, nilikubali shingo upande, nikamkumbusha kwamba siku ya pili yake, Jumatatu saa tatu asubuhi, ningetetea pendekezo langu la utafiti mbele ya jopo la idara.

Tulifika katika uwanja wa Wilson, Nairobi, kabla ya jua kuchomoza. Uwanja huo uko takribani futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, na jua likipanda huzidi kuwa nyepesi, ndege ikapata taabu kupaa. Ndugu yangu alinipima uzani kama gunia la mahindi, akaupima na mkoba wangu wa vitabu, kisha akapiga hesabu. Alichota mafuta kidogo kutoka kila tangi la ile Cessna 172 ya kukodi, akayainua kwenye mwanga kuangalia kama yana maji. Nilishangaa. Huyu ndiye kijana aliyekuwa akisahau viatu vyake nje mvua ikinyesha.

Tukapaa hadi futi 9,500, tukaufuata mto. Msomaji anaujua mto huo kwa majina yake matatu: huanza ukiitwa Athi, ukapita kando ya uwanda wa juu wa Yatta, ukakutana na mto Tsavo na kuitwa Galana, kisha ukakaribia bahari ukiitwa Sabaki. Kwenye ramani ya shule yalikuwa majina ya kukariri. Kutoka juu niliuona ni mto mmoja, hadi pale maji yake mekundu yalipoitia doa bahari ya samawati, kaskazini mwa Malindi. Safari ilichukua saa mbili na ushei.

Tulipanda tuktuk hadi kwenye mkahawa mdogo mjini, tukaagiza mahamri kwa mbaazi za nazi. Mahamri yalikuwa ya moto, yenye harufu ya iliki. Mbaazi zilikuwa na tui zito. Mama mwenye mkahawa alituuliza kama tumekuja kwa basi la usiku.

"Tumekuja kwa ndege, mama, na leo tunarudi," ndugu yangu akajibu.

"Kwa mahamri yangu? Basi kuleni mushibe, wanangu, musije mukarudi jioni na njaa!"

Tulicheka. Kimoyomoyo nilikuwa nikilinganisha bei ya mahamri na zaidi ya lita 150 za mafuta ya kwenda na kurudi.

Tuliondoka saa nane mchana. Baada ya saa moja hivi, mawingu ya vuli yalisimama mbele yetu kama ukuta, meusi chini, meupe juu, na umeme ukimulika ndani yake. Ndugu yangu aliyatazama kwa muda, akazungumza na waongozaji wa ndege kwenye redio, kisha akaanza kuigeuza ndege.

"Dada, tunarudi Malindi."

"Kesho nina jopo! Huwezi kupita chini yake?"

"Chini yake kuna vilima vya Ukambani."

"Jaribu kidogo tu."

"Dada, samahani. Nyumbani mimi ni mdogo wako. Hapa mimi ndiye rubani."

Sikumjibu. Nilinuna hadi magurudumu yalipogusa ardhi.

Jioni hiyo nilitembea peke yangu hadi kwenye nguzo ya Vasco da Gama. Neno lile, rubani, lilikuwa likinirudia. Kabla ya kupanda angani lilikuwa neno la baharini, jina la mjuzi aliyeongoza chombo. Mnamo Aprili 1498, Mreno huyo alipata rubani hapo Malindi, na kwa upepo wa kusi akafika Calicut mwezi wa Mei. Wakati wa kurudi hakusubiri kaskazi ishike. Aliondoka India mapema mwezi wa Oktoba, akatangatanga baharini karibu miezi mitatu, na mabaharia wake wengi wakafa kabla ya kuiona Malindi tena Januari 1499. Bahari ilikuwa ile ile. Nilikumbuka sauti yangu mle ndegeni: jaribu kidogo tu.

Nilimpigia simu msimamizi wangu, nikamweleza. Jopo liliahirishwa hadi Januari. Niliumia, sitaficha. Kisha nilimtafuta ndugu yangu, nikamkuta katika mkahawa ule ule, mama yule akimcheka. Niliketi, nikamwomba radhi, tukala tena mahamri.

Tulitua Wilson Jumatatu asubuhi, anga ikiwa safi. Wiki iliyofuata nilikwenda nyumbani. Baba, ambaye hajawahi kupanda ndege, aliniuliza kijana anaendeleaje na kazi ile.

"Anajua kurudi, baba," nikamwambia.

Alinyamaza kitambo, akitazama upande wa shamba lililouzwa. Kisha akaitikia kwa kichwa, akaniambia niingie ndani, chai isipoe.