Waliokuja Bukoba na Kuondoka

Guku, baba yake baba yangu, hakuwahi kushika bunduki, lakini vita viwili vilimpitia. Vya kwanza alivibeba kichwani. Vya pili alivisikiliza redioni, hapa Segese, akiwa mzee wa kuota jua.

Mwaka 1915 alikuwa kijana wa kama miaka ishirini. Watu wa Wadachi, yaani Wajerumani, walipita kwetu Msalala wakikusanya wapagazi, naye akatwishwa mtama mpaka Bukoba, bandari yao ya magharibi ya Ziwa Victoria. Palikuwa na boma, mizinga miwili na mlingoti wa simu ya upepo.

Mlingoti huo ndio uliowaleta Waingereza. Kwa simu ile Wadachi walipashana habari bila waya ambao adui angeweza kuukata. Basi jeshi la Jenerali Stewart, watu wapatao 1,600, likapakiwa melini Kisumu, na alfajiri ya tarehe 22 Juni likashuka kaskazini mwa mji, chini ya kilima kikali. Miongoni mwao alikuwamo Frederick Selous, mwindaji mashuhuri, ambaye vitani alikuwa na miaka 63.

Majina hayo nimeyasoma mimi ukubwani. Guku alichokijua ni mvua. Wapagazi walikimbilia migombani wakalala matopeni, radi na mizinga vikipokezana hata wasijue kipi ni kipi. Siku ya pili, boma lilipolipuliwa na mlingoti ukaanguka, wakachungulia. Askari wa Kiingereza walikuwa wakitoka majumbani na chupa za pombe, na wengine wamevaa nguo za wake wa Wadachi juu ya sare zao. Akifika hapo Guku alicheka mpaka akakohoa.

Kisha aliacha kucheka, kwa sababu jioni ileile Waingereza walipanda meli wakaenda zao. Kazi yao ilikuwa kuvunja, na walikuwa wamekwisha kuvunja. Wadachi wakarudi, na mizigo ikaendelea kutafuta vichwa. Wapagazi wakatolewa migombani, wakatwishwa tena. Bukoba ilibaki mikononi mwa Wadachi mpaka katikati ya mwaka 1916, Waingereza walipokuja safari hii kukaa.

Ndiyo maana mwishoni mwa mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipovuka mpaka na kujitwalia ardhi yote hadi Mto Kagera, Guku hakuuliza tuna vifaru vingapi. Segese ilikuwa kijiji cha pamba na ng'ombe. Redio zilikuwa chache, na betri zake tulizianika juani zipate nguvu ya taarifa ya habari ya jioni. Tulimsikia Mwalimu Nyerere akisema uwezo, sababu na nia ya kumpiga Amin tunavyo. Vijana wa mgambo wakaitwa, malori yaliyozoea kubeba pamba yakachukuliwa kwa kazi ya jeshi. Sisi watoto tulikimbia nyuma ya vumbi tukishangilia.

Tarehe 7 Aprili 1979 majeshi yetu yakaiteka Entebbe, mji wa ziwani kama Bukoba, wenye uwanja wa ndege uliokuwa ukimletea Amin msaada wa Libya. Siku nne baadaye Kampala nayo ikaanguka. Watu walipiga vigelegele. Guku akaniita.

"Mjukuu wangu, redio imesemaje? Watakaa, au watapanda meli?"

Sikuwa na jibu. Jibu lilikuja polepole. Amin alikuwa amekimbia, lakini askari wetu walibaki Uganda, na wa mwisho waliondoka mwaka 1981. Baadhi ya vijana wa kwetu walirudi wakiwa wakimya, wengine hawakurudi kabisa. Mwalimu alituomba tufunge mikanda miezi 18, na miezi hiyo ilipokwisha mikanda ilikuwa bado imebana. Katika duka la kijiji sukari ilikuwa hadithi. Sabuni ikipatikana, kipande kiligawanywa kwa uzi.

Guku aliyapokea hayo bila kunung'unika. Hesabu yake ilikuwa moja: anayevamia na kuondoka humwachia mwenye mji mzigo wote, na anayekaa hubeba na yeye upande wake. Wale wa Bukoba hawakubeba hata kijiti. Hawa wetu wamebeba, na sisi tuliowatuma tunabeba pamoja nao. Kwa hiyo, alisema, hii dhiki ya sabuni ni ya heshima.

Mama alikuwa karibu, akifua shuka kwa majani ya mpapai. Kwa kawaida mkwe hakumjibu mkwewe, lakini siku hiyo alijibu bila kuinua macho.

"Baba, wewe mwaka ule wa Wadachi uliulizwa kabla ya kutwishwa?"

"Sikuulizwa."

"Na mimi sikuulizwa."

Guku alifikiri, kisha akaniagiza nikamchumie mama majani mengine.