Bodaboda ikianguka njia ya Mtae
Ukitoka Lushoto kwenda Mtae, vijia vinavyoingia vijijini huwa utelezi mtupu mvua ikinyesha. Humo bodaboda hubeba kabichi, wanafunzi, hata mama mjamzito anayewahi zahanati.

Pikipiki ikilala, petroli ya kwenye kabureta hufurika na kulowesha plagi. Kwa hiyo abiria, usimharakishe dereva.

Dereva, mwangalie abiria kwanza. Inua pikipiki, funga koki ya mafuta, subiri dakika chache. Sigara iwe mbali. Tazama swichi ya kuzimia injini, huenda imejibonyeza. Weka gia huru, zungusha eksileta hadi mwisho hewa iingie, piga kiki mara kadhaa. Ikinguruma, rudisha eksileta, fungua koki.

Jaribu breki kabla ya kushika mteremko.