Hadiya Ijulikane, na Ujira Ujulikane



Sisi watu wa pwani baridi kwetu ni habari ya kusimuliwa. Mwezi wa Julai, Mombasa ikifurahia upepo wa kusi, miji ya Meru na Embu hufunikwa na ukungu wa Mlima Kenya, na mtoto haendi chuoni alfajiri bila sweta. Kwa miaka kadhaa tumekuwa tukipanda huko kwa darsa, tukifikia kwa jamaa zetu wa mtaa wa Majengo, mjini Meru. Katika safari hizo tuliijua kazi ya kufuma, na huko tuliletewa swali ambalo tumeona tulijibu hapa, kwa kuwa linawahusu pia washona kofia na wasuka mikeka wa kwetu.

Mwenye swali ni mama mjane, jamaa yetu kwa ndoa. Alipomaliza eda alikigeuza chumba cha uani kuwa chumba cha kufumia. Hakuhitaji mengi. Alianza na sindano mbili na madonge ya uzi wa dukani. Kisha akanunua mashine ya kufumia iliyokwisha kutumika, ile ya kusukumwa kwa mkono, ambayo imewapa riziki wanawake wengi wa miji hiyo, maana shule zinapofunguliwa Januari kila shule hutaka sweta za rangi yake. Mwisho alimwita seremala amtengenezee kitanda cha mfumi: fremu ya mbao yenye misumari iliyopangwa kwa vipimo sawa juu na chini. Nyuzi za mtande hutandwa kutoka msumari hadi msumari. Uzi wa mshindio ukapitishwa juu ya mmoja na chini ya mwingine, ukashindiliwa. Mtande ukilegea upande mmoja nguo nzima hupinda, na hapo hakuna dawa ila kufumua na kuanza upya.

Sufu yenyewe haitoki mbali. Ukipanda kutoka Meru kuelekea Timau utakutana na kondoo wa sufu na mashamba ya ngano. Ukiendelea hadi Nanyuki, ndiko kulikoanzishwa mwaka 1977 kikundi cha wanawake cha Nanyuki Spinners and Weavers, kilichopata sifa kwa kusokota sufu kwa mkono, kuitia rangi na kufuma mazulia. Upande wa chini wa Embu, katika nchi kavu ya Mbeere, fungu la wanawake ni mkonge na kusuka vyondo. Mama yetu hununua sufu mbichi, huiroweka katika maji ya vuguvugu yenye sabuni bila kuisugua, kwani ikisuguliwa hugandamana, kisha huianika, huichambua na kuisokota. Sweta moja ya mtu mzima kwa sindano humchukua wiki mbili za usiku, watoto wakisha kulala.

Shida yake haikutoka kwenye uzi. Ilitoka kwa marafiki. Huja mmoja akasema, "Nifumie na mimi, mwenzangu, tutaelewana." Sweta ikiisha, rafiki huivaa, huisifu, humwombea dua, akaenda zake. Deni la sufu hubaki kwa mfumaji. Naye kwa haya hanyamazi tu, bali hufikia hata kumkwepa rafiki huyo arusini. Akatuuliza: "Sheikh, je, nikimtajia rafiki bei nitakuwa nimeuuza urafiki?"

Tulimjibu kwa kumkumbusha kisa alichokipokea Sahl bin Saad, kilichomo katika Sahihi ya Bukhari. Mwanamke mmoja alimletea Mtume (S.A.W.) shuka yenye pindo zake, akaeleza kuwa ameifuma kwa mkono wake ili amvishe. Mtume akaipokea, naye alikuwa na haja nayo. Kisha mtu mmoja akaiomba, akampa. Bibi Zaynab bint Jahsh naye alikuwa mwanamke wa kazi za mkono, akitoa sadaka katika alichokichuma. Hao wote walitoa kwa hiari yao, na nia yao ilijulikana. Hadiya huanza kwa mtoaji. Haianzi kwa mpokeaji kuvaa kitu na kunyamaza.

Kama si hadiya, basi ni kazi, na kazi ina ujira. Katika madhehebu yetu ya Shafii, kuagiza kitu ambacho bado hakijatengenezwa hufuata masharti ya salam: sifa zake zijulikane, muda ujulikane, na bei ilipwe yote pale pale mnapoafikiana. Mahanafi wamepanua zaidi. Iliyo nyepesi kwa watu wa nyumbani ni hii: rafiki alete uzi wake mwenyewe, nawe ulipwe ujira wa mkono, uliotajwa kabla ya kitanzi cha kwanza. Na lolote litakalobaki kuwa deni liandikwe, kama tulivyoagizwa katika Suratul Baqara.

Kwenu mnaofumiwa tuna neno zito zaidi. Wanazuoni wameonya kuwa mali iliyochukuliwa kwa kumtia mtu haya ni sawa na iliyochukuliwa bila ridhaa yake. Yule anayesema "tutaelewana" akijua mwenziwe hataweza kumdai, asidhani amepewa hadiya. Na waume nao wakumbuke kuwa alichokichuma mwanamke ni chake. Suratun Nisaa imelitaja fungu lake kama ilivyotaja la mwanamume.

Mama yetu sasa ana daftari. Rafiki akijifungua, kofia ya mtoto ni hadiya, nayo huifuma bila kuombwa. Sweta ni kazi, na bei yake husemwa mlangoni. Marafiki wengi walilipa, na wawili walileta hata madeni ya zamani ambayo hakuyadai. Mmoja alinuna, na hadi tunaandika haya hajarudi. Jambo hilo linamuuma, wala hatukumwambia kuwa halitamuuma. Tulimwambia tu kwamba urafiki uliokuwa ukisimama juu ya haya yake ulikuwa umelegea tangu mwanzo, kama mtande usiokazwa.

Suratun Nahl imewafananisha wavunja ahadi na mwanamke anayeufumua uzi wake baada ya kuusokota ukawa madhubuti. Kila mfumaji anaijua hasara hiyo kwa vidole vyake. Basi tusiwafumulie wenzetu kazi yao.

Mwenyezi Mungu aibariki mikono inayochuma halali, na atujaalie tuwe wepesi wa kutoa na wepesi wa kulipa. Wabillahi tawfiq.