Ngome Iliyohama

Basi lilipotushusha Kisenyi, jijini Kampala, adhana ya alfajiri ilikuwa ikishuka kutoka kilimani. Mashine za kusaga mahindi zilikuwa bado kimya, ila vijana wa kubeba magunia walikuwa wameshaamka. Mmoja wao alinipita na gunia mgongoni, shingo imeinama, akisema, “Njia, njia.” Nikampisha, nikamsahau.

Maduka ya nafaka yalikuwa hayajafunguliwa, nikaona nipande kilima cha Old Kampala kwa miguu. Juu ya kilima umesimama Msikiti wa Taifa wa Uganda, na jirani yake ipo kumbukumbu ya Ngome ya Lugard, mahali ambapo utawala wa Waingereza ulitia mguu Kampala. Nilikwenda nikitaka kuona ngome. Nilichokikuta ni mfano wake. Ngome ya asili ilibomolewa kupisha ujenzi wa msikiti, na ukumbusho wake ukahamishiwa pembeni.

Kapteni Frederick Lugard alifika hapa Desemba 1890, akitumwa na Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki. Kwanza alioneshwa mahali pa bondeni, penye unyevu, apige kambi. Akakataa, akajichagulia kilima kinachotazamana na Mengo, makao ya Mwanga, Kabaka, yaani mfalme, wa Buganda. Kabla mwezi ule haujaisha, Mwanga alikuwa ametia saini mkataba na Kampuni. Januari 1892, Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipopigana, bunduki ya Maxim ililia kutoka kilimani na kuamua nani ashinde. Tarehe 1 Aprili 1893, Gerald Portal akapandisha bendera ya Uingereza mahali pa bendera ya Kampuni.

Lakini angalia mwisho wa wakubwa hao. Lugard aliondoka Uganda katikati ya 1892, hata miaka miwili hakuimaliza. Mwanga alikamatwa mwaka 1899, akafia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903. Mwaka 1908 jumba la makumbusho lilianzia katika ngome hiyo hiyo, na watu wakaliita, kwa Kiganda, nyumba ya mayembe, kwa sababu ya hirizi na vitu vya mizimu vilivyokusanywa humo. Makumbusho nayo yakahama. Miaka ya 1970 Idi Amin akaanza kujenga msikiti, akapinduliwa kabla haujakamilika. Muammar Gaddafi akaumaliza, ukafunguliwa rasmi mwaka 2008 na kuitwa kwa jina lake. Leo jina rasmi ni Msikiti wa Taifa.

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Kilima hiki kimewapandisha wengi na kuwashusha wote. Nilijiona nami humo: mara ngapi nimeshikilia kiti kidogo, cha kamati au cha ukoo, kana kwamba nilizaliwa nacho? Cheo ni dhamana. Mwenye mali atakuja kuichukua, na heri akukute umeitunza.

Karibu na lango alikuwa amekaa mzee mmoja mwenye kanzu na kofia. Nikamsalimu, akaniitikia kwa Kiswahili kizuri.

“Mzee, ngome ya zamani aliijenga Lugard?”

Akanitazama kwa upole. “Mwanangu, mkubwa huonesha mahali kwa kidole. Kujenga ni kazi ya mabega.”

Neno lile lilinisimamisha. Msafara wa Lugard haukutoka pwani kwa kidole cha kapteni. Ulibebwa na wapagazi, wengi wao watu wa Kiswahili, na ukalindwa na askari wa Kisudani. Mahema, risasi na chakula, hata ile Maxim, vilipanda na kushuka milima juu ya vichwa na mabega ya watu. Historia imemwandika kapteni, na wapagazi imewahesabu kama mizigo tu, kana kwamba mzigo hutembea wenyewe.

Hata hivyo waliacha alama yao. Ni katika misafara kama ile, ya biashara kwanza na ya askari baadaye, ndimo Kiswahili kilimopanda kuja huku bara. Miaka mingi Waganda wengi walikiogopa kama lugha ya mtutu. Leo, bondeni Kisenyi, Msomali, Mganda na Mtanzania wanapatana kwacho bei ya mchele, na hakuna anayetetemeka. Ngome ya mwenye amri imebomolewa. Maneno ya mpagazi bado yanafanya kazi kila siku sokoni.

Niliposhuka, mashine zilikuwa zinanguruma na vumbi jeupe la unga limetanda. Nilinunua magunia yangu, nikaita mchukuzi. Alikuwa yule yule wa alfajiri. Nimefanya biashara hii miaka mingi, nimewalipa wachukuzi wengi, na sikuwahi kumuuliza hata mmoja jina lake. Siku ile nilimuuliza. Alitua gunia, akanyoosha mgongo, akalitaja jina lake na la baba yake.

Ndugu msomaji, ukisimama mbele ya kibao cha kumbukumbu, msome aliyeandikwa, kisha uwatafute waliobeba. Na huna haja ya kusubiri kibao. Yupo mtu anayekubebea mzigo leo, dukani, shambani au nyumbani kwako. Muulize jina lake angali hai.