Mkarara wa Kupewa

Wapenzi wa ushairi wa pwani wanaijua adabu ya kujibizana. Malenga mmoja hutoa shairi lake, na mwenziwe akitaka kulijibu hujifunga kwa mizani ile ile, aghalabu na kwa vina vile vile, na mara nyingine mkarara ni ule ule aliotupiwa. Hachagui pa kuingilia. Mlango umefunguliwa na mwingine. Kisiwani Pemba, Kamange na Sarahani walivuma kwa malumbano ya namna hiyo, na Mombasa, kabla yao, Muyaka bin Haji alirushiana beti na washairi wa Lamu wakati wa uhasama wa miji hiyo miwili. Hakuna ajuaye ushairi atakayedai kwamba vifungo vile viliwapunguzia ufundi. Yumkini ndivyo vilivyoudhihirisha.

Mchezo unaofanana na huo, ingawa wauchezao hawajui kwamba unafanana, ulizuka mbali sana na pwani hii, na chombo chake si kalamu bali kamera. Mwaka 2001, mjini Washington, Mark Ruppert na Liz Langston walianzisha shindano la kutengeneza filamu fupi kwa saa 48. Ijumaa jioni kikundi huchota katika kofia aina ya filamu kitakayotengeneza, kikatajiwa mhusika, kifaa na sentensi moja, ambavyo ni lazima viwemo. Jumapili jioni kazi iwe imekabidhiwa. London nako, tamasha la bunilizi za kisayansi liitwalo Sci-Fi-London, lililoasisiwa mwaka 2002, lilianzisha shindano lake la saa 48 mwaka 2008. Huko hapakuwa na haja ya kuchota aina ya filamu, kwani wote walikuwa wamo katika bahari moja: dunia ambayo bado haijawa.

Hapo ndipo ugumu unapozidi. Hadithi ya mapenzi hutosheka na watu wawili na baraza. Bunilizi ya kisayansi humdai mtengenezaji wake mji usiokuwapo, sheria za mji huo, na sababu ya watu wake kuishi waishivyo, na yote hayo kwa dakika tano. Anayetaka kuyajenga yote kwa mikono yake atafikiwa na saa ya mwisho akiwa bado anapaka rangi maboksi.

Na saa zenyewe hazigawanyiki sawa. Za mwanzo huliwa na kutunga, tena huliwa kupita ilivyopangwa, kwa kuwa kila mmoja ana wazo na hakuna aliye tayari kulizika lake. Asubuhi inayofuata jua ndilo linaloamrisha: tukio la nje lisilopigwa picha kabla ya magharibi halitapigwa tena. Sauti, ambayo hakuna aikumbukaye wakati wa kupanga, hulipa kisasi wakati wa kuhariri, inapobainika kwamba maneno ya mhusika mkuu yamemezwa na mngurumo wa friji. Kisha kuna kompyuta, ambayo haihimiziki. Ikishaanza kuunganisha vipande kuwa filamu moja huchukua muda wake, na watu wazima ambao hawajalala hukaa mbele yake wakitazama asilimia zikipanda, mithili ya mabaharia wanaosubiri maji yajae ndipo chombo kielee.

Wajuzi wa kazi hii waling'amua zamani kwamba ulimwengu ujao haujengwi bali hudokezwa. Mwaka 1962 Mfaransa Chris Marker alikuwa ameshughulika na filamu ndefu juu ya wakazi wa Paris. Siku ya mapumziko ya wenzake, yeye alitoka na kamera ya picha za kawaida, akaanza kupiga picha za hadithi ambayo, kwa maelezo yake mwenyewe miaka mingi baadaye, hata yeye hakuielewa sawasawa. Ndiyo *La Jetée*, kazi ya dakika 28 hivi, mfululizo wa picha zisizojongea na sauti ya msimulizi. Paris imeteketea kwa vita vya tatu vya dunia, walionusurika wanaishi chini ya ardhi, na mtu mmoja anarudishwa nyuma katika wakati kwa sababu ya sura aliyoibeba kumbukumbuni tangu utotoni. Mtambo wa kumsafirisha hauonekani. Pana kitambaa cha kuziba macho, sindano na minong'ono, na mtazamaji husadiki. Mara moja tu katika filamu nzima picha inajongea: mwanamke aliyelala anafumbua macho. Kamera ya sinema iliyonasa kipande hicho ilikuwa ya kuazima, na iliazimwa kwa saa moja.

Karibu zaidi na nyumbani, Mkenya Wanuri Kahiu alifanya jambo la jamaa hiyo katika *Pumzi* ya mwaka 2009, filamu ya dakika ishirini na kitu. Haikuwa kazi ya saa 48, lakini imo katika darasa lile lile la kudokeza. Vita vya maji vimepita, Afrika ya Mashariki ni jangwa, na watu wamejifungia katika makazi ambamo hata jasho na mkojo husafishwa vikanywewa tena. Mwanamke aitwaye Asha, mtunzaji wa makumbusho, analetewa udongo ndani ya kijisanduku. Anaunusa. Hapo tena hapana haja ya kueleza ni nini kilichopotea.

Mshindi wa shindano la London mwaka 2008 alikuwa Gareth Edwards, kwa filamu yake fupi *Factory Farmed*. Miaka miwili baadaye alitoa *Monsters*, filamu ndefu juu ya viumbe kutoka anga za mbali walioenea kaskazini ya Mexico, iliyopigwa na watu wachache waliosafiri pamoja Amerika ya Kati, na majitu yake akayachora mwenyewe kwa kompyuta. Kufikia mwaka 2014 alikuwa amekabidhiwa *Godzilla*, na mwaka 2016 ikatoka *Rogue One*, mojawapo ya filamu za ukoo wa *Star Wars*. Kisa hiki hupendwa sana kusimuliwa, na husimuliwa vibaya: kijana aliingia katika mashindano Jumamosi, Jumatatu akatoka na bahati yake. Wenye kusimulia hivyo huwakabili vijana wa Unguja na Mombasa, wenye simu zipigazo picha safi kuliko kamera nyingi za jana, wakawaambia kwamba kinachotakiwa ni moyo na siku mbili.

Kinachoachwa nje ya simulizi ni kwamba Edwards alikuwa amekwishatumia miaka mingi akijifunza chumbani kwake kutia katika picha vitu visivyokuwapo. Alikuwa akiwafanyia kazi hiyo watu wa televisheni, na katika tamthilia ya BBC juu ya Attila, mfalme wa Wahuni, iliyoonyeshwa mwaka ule ule wa 2008, aliongoza yeye na picha za kompyuta zipatazo 250 akazitengeneza yeye peke yake. Mtu wa namna hiyo akipewa saa 48, saa hizo hazianzii Jumamosi. Zina mizizi. Malenga anayejibu papo kwa papo barazani, watu wakashika vichwa, hajatunga papo hapo kwa maana ya kuanza pale. Mizani alikuwa nayo tangu alipokuwa akimsikia babu yake, na hadhira ndiyo iliyoiona kwa mara ya kwanza. Haraka haraka haina baraka, husemwa, na ni kweli. Lakini methali hiyo haimhusu aliyekwisha kuchelewa vya kutosha kabla ya siku yenyewe.

Mwaka 2016 shindano hilo hilo lilileta jambo lililoligeuza suala hili chini juu. Mwongozaji Oscar Sharp na mtaalamu wa kompyuta Ross Goodwin waliamua kwamba mtunzi wao asiwe mtu. Goodwin alikuwa na programu ya akili mnemba aliyoilisha miswada kadhaa wa kadhaa ya filamu za kisayansi, mingi ikiwa ya miaka ya 1980 na 1990. Programu hiyo ilijifunza kukisia herufi ipi hufuata ipi, mpaka ikaweza kutoa kitu chenye umbo la muswada: maelezo ya jukwaa, majina ya wasemaji na majibizano. Majina kamili ya watu iliyashindwa, hivyo wahusika wakawa herufi tu, H na C, na kwa kuwa H walitokea wawili, mmoja akaitwa H2.

Wakaipa mkarara kama walivyopewa wenzao wote: jina la filamu, *Sunspring*, sentensi isemayo kwamba jambo fulani huenda lisisamehewe kamwe, basi na iwe hivyo, kitendo cha kutoa kitabu rafuni, kukipekua na kukirudisha, na wazo la hiari, kwamba katika zama zijazo ajira zimetoweka na vijana wanalazimika kuuza damu yao. Programu ikatema muswada. Waigizaji watatu, Thomas Middleditch, Elisabeth Gray na Humphrey Ker, waliusoma kwa mara ya kwanza huku wakiangua vicheko, na haki yao. Mtu anajibu swali ambalo halikuulizwa. Mtu anaambiwa yuko nyotani na papo hapo ameketi sakafuni. Pana pahala ambapo H anatakiwa kutoa jicho kinywani mwake. Kila mara wahusika wanaambiana kwamba hawajui kinachoendelea, na Sharp alifahamu ni kwa nini: katika bunilizi za kisayansi watu huulizana hivyo daima, kwa kuwa wamo katika dunia ngeni, na mashine ilikuwa imeokota tabia ya kauli bila kuokota sababu yake.

Msomaji wa mashairi anayajua maradhi haya. Wapo watunzi ambao vina vyao havina kosa, mizani imetimia, hakuna pa kuliita shairi guni, na bado mtu akimaliza kulisoma hajaambiwa kitu. Kilichokosekana hakihesabiki kwa vidole.

Ila Jumatatu ilikuwa inakuja, na hapa ndipo muda mfupi ulipofanya kazi ambayo muda mrefu haungeifanya. Lau wangekuwa na miezi sita, bila shaka wangeusahihisha muswada, wakaupangilia, na ukawa hadithi ya kawaida yenye sentensi chache za kichekesho. Saa zilikuwa chache mno kwa hilo. Ikabidi maneno yasemwe, na yasemwe na watu wanaojifanya wanayaamini. Middleditch akatafuta wivu ndani ya sentensi zisizokuwa na wivu. Ker akawa mpinzani wake, kwa macho tu. Taratibu ikajitokeza hadithi ya mwanamke mmoja kati ya wanaume wawili, ambayo kwenye karatasi haipo. Mwishoni Gray, aliye H2, anapewa kauli ndefu ambayo haishikani popote, mambo yamefuatana kama vitu vilivyopeperushwa na upepo wa kusi. Naye anaisema taratibu, machozi yakimlenga, na mtazamaji anajikuta anamwonea huruma bila kujua ni kwa msiba gani.

Filamu hiyo ya dakika tisa iliingia katika kumi bora kati ya mamia zilizopelekwa. Palifuata na kituko cha kando: hadi hapo programu ilikuwa ikiitwa Jetson, lakini ilipohojiwa mbele ya watu tamashani ilijibu kwamba jina lake ni Benjamin, na jina hilo likaikaa.

Wengi walioandika juu ya *Sunspring* walistaajabia mashine. Mastaajabu yangefaa kwenda kwa wale watatu. Mashine ilichangia mkarara mrefu kuliko kawaida, basi. Kuulewa, au kuuelewesha, kulitoka kwa watu ambao, kama Edwards, walileta mule ndani ya saa 48 kitu kilichochukua miaka kukipata: namna ya kutamka neno tupu likajaa. Tangu mwaka 2022 programu za kizazi kipya zimeenea zinazoandika kwa ufasaha, na mtu akiziomba muswada hatapata tena jicho linalotoka kinywani. Atapata hadithi iliyonyooka. Huo ndio mtihani mgumu zaidi kwa mwongozaji mwenye haraka, maana upuuzi wa Benjamin ulijitangaza wenyewe na kuwalazimisha waigizaji wafanye kazi. Sentensi laini haimwamshi mtu, hasa saa tisa ya usiku.

Sharp na Goodwin walirudi tena kwa Benjamin. Mwaka 2018, katika filamu nyingine ya saa 48 iitwayo *Zone Out*, waliiachia programu karibu kila kitu. Sauti zilikuwa za kutengenezwa na kompyuta, na nyuso za waigizaji wale wale wa *Sunspring* zilibandikwa juu ya vichwa vya waigizaji wa filamu za zamani ambazo haki yake ya kunakiliwa imekwisha. Nyuso hizo zinatetemeka pembeni kama karatasi isiyogandishwa vizuri. Midomo inakwenda upande wake na maneno upande wake. Gray yumo, au uso wake umo, na safari hii hakuna mtu aliyemwomba alie.