Hodi za Idi Mkomani

Idi iliyopita mpwa wangu, aliyekuja Lamu kutoka Mombasa kula sikukuu pamoja nasi, aliniomba pesa za kumlipa kijana wa kutembeza wageni. Alitaka kuonyeshwa nyumba za kale. Tulifuatana. Ndani ya nyumba iliyogeuzwa makumbusho alikitazama kitanda cha kamba, akazitazama zidaka, vile vishubaka vilivyopanda ukutani safu juu ya safu, kisha akaniuliza: "Mjomba, humu waliwahi kukaa watu kweli?"

Nyanya yake alizaliwa mitaa miwili kutoka pale.

Sisi utotoni hatukulipa kuziona nyumba hizo. Tulitoka swala ya Idi na kanzu mpya, wakubwa wamevaa kofia za vito zilizoshonwa miezi mizima, tukaanza hodi mlango hadi mlango kutoa mkono wa Idi. Mtaa wote wa Mkomani ulikuwa wazi. Tulipita chini ya mawikio, yale madaraja yanayounganisha ghorofa za juu, kina mama wakapita juu yetu kwenda kwa jamaa zao bila kushuka njiani.

Kila nyumba ilikuwa na lake, ila moyo wangu ulikuwa kwa bi mkubwa mmoja, shoga wa nyanya yangu. Dakani kwake, pale nje mlangoni, palikuwa na baraza za mawe kulia na kushoto, na mlango wa nakshi uliopakwa mafuta kila mwezi wa Ramadhani. Ukipita mlango unaingia tekani, na hapo njia inapinda, jicho la mpita njia lisifike ndani. Kisha kiwanda, ule uwanja usio na paa, halafu misana miwili, zile kumbi za kupitia, na mwisho ndani kwenyewe. Kila chumba kilikuwa juu kidogo ya kile kilichotangulia, basi ulipanda bila kujijua. Vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, kwa sababu boriti za mikoko hazibebi dari pana. Mita tatu hivi, basi. Chooni mlikuwa na birika lenye visamaki vilivyokula viluwiluwi vya mbu, nasi tulikuwa tukiiba makombo ya kaimati kwenda kuvilisha.

Na harufu! Ilianza msana wa kwanza: udi kwenye chetezo, asumini, halwa iliyokuwa bado vuguvugu, na chini ya yote chokaa mbichi, kwani kuta zilipakwa upya kwa sikukuu. Bi mkubwa aliketi ndani, mgongo kwenye zidaka zenye sahani za mababu zake. Alitaka umbusu mkono, umwambie wewe ni mtoto wa nani na nyanya yako ni nani, ndipo akufungulie kitambaa alichofungia senti. Ukikosea nasaba yako, alikusahihisha mbele ya wote, kisha akakupa vilevile.

Idi moja nilifika na wenzangu wadogo nikazuiwa. "Wewe keti na wanaume," aliniambia mtumishi wa nyumba, akanionyesha baraza. Wadogo walipita. Nililetewa kahawa chungu katika kikombe kisicho na mkono, mzee mmoja akasogea kunipa nafasi, nami nikajua nimekua. Hakuna aliyenieleza lolote. Nyumba yenyewe ilijua nani afike wapi: mgeni daka, rafiki tekani, jamaa msana, na ndani wale wa ndani. Chumba cha nyuma kabisa walizaliwa watoto, humo humo wakaoshwa maiti.

Hilo ndilo linaloniumiza ninapoona kundi la watalii likiongozwa moja kwa moja hadi ndani, dakika kumi, picha, wakatoka. Wameuona ukuta.

Wapenda tarehe husema nyingi kati ya nyumba hizi ni za karne ya 18, na ngome ya mji ilimalizwa 1821. Msanifu majengo Usam Ghaidan alitoa kitabu chake kuhusu mji wetu 1975, na wageni wengi walikuja nacho mkononi. Ngome ilikuwa imegeuzwa gereza, na wafungwa wakaondolewa humo 1984. Baadaye zikaja pesa za ng'ambo, nyumba zikauzwa moja baada ya nyingine, warithi kumi wakigawana bei ambayo hakuna kati yao aliyeweza kuikataa. Siwalaumu. UNESCO ikauandika mji wetu katika Urithi wa Dunia 2001. Aliyebaki bila fedha za chokaa akapaka saruji, saruji ikafungia chumvi na unyevu ndani ya ukuta wa matumbawe, nao ukaanza kubanduka. Milango iliyokuwa wazi siku za Idi sasa ina kengele na mlinzi.

Vijana watembezao wageni si wavivu, ila hawakuingizwa katika nyumba hizi. Wanajua miaka, hawajui nani aliketi wapi. Kina mama waliolelewa ndani ya nyumba hizo bado wako, baadhi yao wanakaa vyumba vya kupanga katika mtaa wa Langoni, na hakuna anayewauliza. Nimemwendea mjukuu wa bi mkubwa yule, mwenyewe sasa mtu mzima, nikamwomba awachukue vijana hao nyumba kwa nyumba, awaeleze, nao wamlipe kama wanavyolipwa wao. Amekubali, kwa sharti kwamba wasichana wawemo. Wataanza baada ya Maulidi, nyumba ya kwanza ikiwa ya shemeji yangu, ambayo haijauzwa.