Kondoo Waliovimbiwa

Kuna mchoro nilioufundisha vibaya kwa miaka, na mtu wa kwanza kuniambia ukweli wake nilimfedhehesha mbele ya wenzake.

Mchoro ni wa Mwingereza William Holman Hunt, The Hireling Shepherd, yule mchungaji wa mshahara. Aliuanza mwaka 1851 huko Ewell, Surrey. Siku hizi uko Manchester. Kijana mwenye uso mwekundu, kipipa cha pombe kiunoni, amemwinamia msichana ili amwonyeshe nondo aliyemkamata. Msichana amempakata mwanakondoo. Nyuma yao kundi limetawanyika kwenye majani mabichi. Nami nikatiririka: mwanakondoo ni usafi wa moyo, kondoo wanene ni neema, na mchoro mzima ni mapenzi ya mashambani. Yote hayo yalitoka kwenye orodha ya alama niliyoikariri chuoni.

Mwanafunzi mmoja, mtoto wa wafugaji wa Dodoma, akanyoosha mkono. "Samahani, mwalimu. Hao waliolala hawajapumzika, wamevimbiwa. Wenzao wanaingia shamba la watu. Na huyo mdogo anapewa matunda mabichi, ataharisha."

"Hapa tunasoma sanaa," nikamjibu, "hatuko zizini." Darasa likaangua kicheko. Akaketi.

Baadaye nikakutana na maelezo ya Hunt mwenyewe. Kondoo aliwachora wamevimbiwa makusudi. Matunda yale ni matofaa mabichi kwelikweli, na nondo ana alama ya fuvu mgongoni, ndicho kisirani kinachomshughulisha mchungaji wakati mifugo inaangamia. Aliwalenga viongozi wa kanisa la Uingereza waliokuwa wakibishana juu ya mambo yasiyo na faida huku waumini wao wakipotea. Kwa hiyo alama zilikuwepo, tena kali kuliko zangu, ila zilianzia tumboni mwa kondoo. Orodha yangu haikuwa na tumbo. (Wala mimi sijawahi kuchunga hata kuku.)

Nilisahihisha notisi. Pale penye kosa nikaandika kwamba "uchunguzi wa karibu unaonyesha" kondoo wamevimbiwa. Uchunguzi wa nani, sikusema, wala sikumwita kijana yule nikamwomba radhi. Mwisho wa muhula nikautungia mchoro huo swali la mtihani, alama kumi. Akazipata zote, nami nikamwandikia pembeni: "Vizuri, umesoma notisi."